Makutupora: Miaka 55 ya Kupima Maji Yasiyoonekana

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Arusha, baada ya kilomita zisizofika 30 unafika Makutupora. Wengi wanaijua kwa zabibu zake na kwa kambi ya JKT. Si wengi wanaojua kwamba upande wa Mzakwe kuna visima vilivyounywesha mji huu tangu miaka ya 1950, na kwamba kumbukumbu za vipimo vya visima hivyo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya chini ya ardhi katika nchi kame za tropiki.

Dodoma ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Kati ya Desemba na Aprili hunyesha wastani wa milimita 550 hivi, kisha mbingu hufunga. Jua la mwaka mzima lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kabla ya mabomba, Wagogo walichimba visima kwenye mchanga wa makorongo, wakifuata maji yaliyojificha chini baada ya mto kukauka. Mvua ilipokosa, watu walikufa. Njaa ya Mtunya, iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ingali inakumbukwa Ugogo. Reli ya Kati ilipofika ilileta kiu nyingine, kwa kuwa injini za mvuke nazo zilihitaji maji.

Idara ya Jiolojia ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925 chini ya Edmund Teale, na Dodoma ikawa kituo chake. Hadi leo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina makao yake makuu hapa. Kazi ya mwanzo ilifanywa kwa miguu: nyundo, dira, daftari, na wapagazi wa kubeba mawe. Mwaka 1938 F. B. Wade na F. Oates walichapisha maelezo ya ramani ya jiolojia ya Dodoma, na jina la mji huu likaingia katika vitabu vya jiolojia kupitia miamba ya kale ya eneo hili, ambayo umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu.

Miamba hiyo ndiyo chanzo cha tabu. Granaiti ngumu haina nafasi ya kuweka maji. Maji hukaa mahali ambapo mwamba umeoza kwa muda mrefu sana, au umepasuka. Clement Gillman, mhandisi aliyekuja mwaka 1905 kujenga reli ya Wajerumani na baadaye akawa mshauri wa maji wa serikali ya Tanganyika, aliisoma nchi hii kwa jicho hilo: mwamba, udongo, maji na mahali watu walipochagua kuishi vilikuwa kwake habari moja.

Makutupora ina vyote viwili, kuoza na kupasuka. Nguvu zilezile zilizofungua Bonde la Ufa zilikata ardhi hapa, sehemu ikashuka, na granaiti iliyo chini ikasagika na kuoza. Juu yake Mto Kinyasungwe Mdogo na makorongo yanayoteremka kutoka vilima vya kaskazini yamelaza mchanga na mfinyanzi mweusi wa mbuga. Mji ulikuwa ukitegemea mabwawa madogo kama Imagi na Msalatu. A. P. Fawley wa Idara ya Jiolojia alichapisha taarifa yake kuhusu maji ya Dodoma na viunga vyake mwaka 1955. Katikati ya muongo huo visima vya Makutupora vilianza kuvutwa, na watu wakaanza kuvipima.

Kupima kwenyewe ni kazi ndogo. Unafungua mfuniko wa kisima, unateremsha utepe wenye alama za mita, unangoja uguse maji, unaandika kina na tarehe. Thamani inatokana na kurudia. Mpimaji mmoja anastaafu, mwingine anashika utepe. Serikali ya mkoloni inaondoka, wizara inabadilishwa jina, na bado mtu anakwenda Mzakwe kufungua mfuniko.

Mbali sana na hapa, sayansi ya ardhi iliyoganda daima ilianza vivyo hivyo, kwa shimo. Huko Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza mwishoni mwa miaka ya 1820 kuchimba kisima. Alifika zaidi ya mita 116 bila kupata tone, kwa sababu kote alikopita ardhi ilikuwa imeganda. Katika miaka ya 1840 mwanasayansi Alexander von Middendorff akashusha vipimajoto ndani ya shimo hilo, na kisima kisicho na maji kikawa chombo cha sayansi. Leo watafiti wa Aktiki hupima joto la ardhi katika mashimo ya aina hiyo mwaka baada ya mwaka. Mabadiliko ya chini ya ardhi huenda polepole, na anayepima mara moja tu hayaoni.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma uliongeza haja ya kujua akiba hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Shizuo Shindo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walikuja kuchunguza jinsi maji yanavyorudi ardhini. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia isotopu kufuatilia maji ya mvua ndani ya miamba ya Dodoma. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo alionyesha kwamba naitreti iliyozidi katika maji ya chini ilihusiana na majitaka. Matokeo hayo yanastahili kusomwa upya sasa, mji ukiwa umejaa mashimo ya vyoo.

Kisha ikaja mvua kubwa ya El Niño ya 1997/98. Watanzania wanaikumbuka kwa barabara na reli zilizokatika. Mzakwe ilifanya jambo jingine kabisa: maji ya visimani, ambayo yalikuwa yakishuka kwa miaka, yalipanda kwa kasi. Richard Taylor wa University College London, akishirikiana na Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga wa sekta ya maji ya Tanzania pamoja na watafiti wengine, alikusanya vipimo vya miaka 55 na kuvichapisha mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change. Msimu huo mmoja ulichangia karibu moja ya tano ya maji yote yaliyorudi ardhini katika miaka hiyo 55. Mvua ya kawaida huishia kwa mimea na jua. Akiba hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na katikati yake kiwango hushuka kwa miaka mfululizo.

Utepe na daftari ndivyo vilivyofichua hilo. Kama wapimaji wangeacha kazi kwa miaka 10 tu, kwa kukosa mafuta ya gari au kwa kuona hakuna jipya, huenda 1997/98 isingeonekana kabisa. Ni haki majina ya watu wa wizara kukaa juu ya makala hiyo pamoja na ya maprofesa.

Utafiti uliofuata, ukiwashirikisha watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulisogea karibu zaidi na korongo. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba maji mengi huingia kupitia vitanda vya mito ya msimu, mahali ambapo mchanga umekatiza mfinyanzi. Mchanga huo ndio unaochotwa kwa malori kujengea nyumba.

Na nyumba ni nyingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mitambo ya maji ya mji ilikuwa na uwezo wa kutoa lita milioni 60 na ushei kwa siku, wakati mahitaji yalikuwa yamevuka milioni 100. Serikali inapanga bwawa la Farkwa wilayani Chemba na bomba la kuleta maji ya Ziwa Victoria. Miradi hiyo bado haijafika, na Mzakwe inaendelea kubeba mzigo mkubwa. Katika baadhi ya visima sasa kuna vifaa vinavyorekodi kina vyenyewe, na vipimo vyake vinaendeleza mstari ulioanzishwa kwa utepe miaka ya 1950.