Jana Hukaa Wapi Katika Sentensi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesoma Nyakato, Manispaa ya Musoma, hufika kwenye somo la vitenzi vya Kiingereza akiwa na lugha mbili kichwani, pengine tatu. Nyumbani huenda wanazungumza Kijita, Kikwaya, Kikuria au Kijaluo; shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili; sasa Kiingereza si somo tu, ni lugha ya kufundishiwa karibu masomo yote. Mwalimu anapoandika ubaoni safu tatu, *go, went, gone*, ni rahisi kudhani kwamba mtoto huyu ndiyo kwanza anajifunza kuugawa wakati. Kumbe amekwisha kuugawa, tena kwa makini kuliko Kiingereza kinavyomdai.

Lugha za Kibantu za Mara, Kijita na Kikuria zikiwamo, hazina wakati uliopita mmoja. Kitenzi hubadilika kwa kadiri ya umbali wa tukio: la leo asubuhi halisemwi kama la jana, wala la jana halisemwi kama la miaka mingi nyuma. Kijaluo, ambacho si cha Kibantu, hupima umbali huohuo kwa njia nyingine. Huweka kijineno mbele ya kitenzi: *nende* kwa jambo la leo, *nyoro* kwa la jana, *nyocha* kwa la juzi, *ne* kwa la zamani.

Kiswahili kimechagua swali jingine. Kwa *-li-* asubuhi ya leo na karne iliyopita ni mamoja. Kinachoangaliwa ni kama tukio limekwisha na kuachwa huko, au matokeo yake tungali nayo. Ndiyo tofauti ya *alilala* na *amelala*. Hapa Kiingereza ni jirani wa Kiswahili, ila ni jirani mwenye masharti. Kwetu "amefika jana" hupita katika mazungumzo bila mtu kushtuka, lakini *he has arrived yesterday* hukatwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa *has* hutaka kipindi kinachotajwa kiwe bado wazi, na jana imekwisha fungwa. Anayekosea hapo hajashindwa kufikiri juu ya wakati. Amechukua kipimo cha lugha moja akapimia nyingine.

Kosa lililo maarufu zaidi ya hilo ni *he did not slept*, na ndilo ambalo Kiswahili kinaweza kulitibu vizuri kabisa. Kanusha *alilala* upate *hakulala*: *-li-* imeondoka, na uliopita umebebwa na *-ku-* inayofuatana na kiambishi cha ukanushi. Hakuna anayesema "hakulilala". Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: *slept* huvua sura yake ya uliopita, *did* huipokea, *sleep* hubaki tupu. Kiarabu cha vitabuni nacho hukanusha *kataba*, yaani aliandika, kwa kusema *lam yaktub*. Kitenzi hurudi kwenye sura ya mudhari, ile ya jambo lisilokwisha, na *lam* ndiyo inayotujulisha kwamba habari ni ya zamani. Lugha tatu za nasaba tatu mbalimbali zimekubaliana kwamba penye ukanushi wakati huhamia kwa mbebaji mwingine. Kijaluo hakimo katika makubaliano hayo: *ne* hubaki *ne*, na *ok* ya kukanusha huongezwa tu.

Wala Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi siku zote. Zama za Shakespeare mtu aliweza kusema *he slept not*, kitenzi kikabaki na uliopita wake na *not* ikafuata nyuma. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikutana na Kiingereza cha aina hiyo alipotafsiri *Julius Caesar* (1963) na *The Merchant of Venice*, aliyoiita *Mabepari wa Venisi* (1969). Kila palipokuwa na ukanushi kama huo, Kiswahili kilimtaka auondoe uliopita ndani ya kitenzi na kuukabidhi kwa *-ku-*.

Mikondo ya kufundisha nayo imeachana. Sarufi za shule za Kiingereza, kama ile ya Lindley Murray ya mwaka 1795, zilirithi majedwali ya Kilatini. Kwa Kilatini jedwali lina haki yake, maana kitenzi kimoja kina sura zaidi ya mia. *Walk* ina nne tu. Katika madrasa za pwani na Zanzibar mwanafunzi wa sarfu, yaani elimu ya maumbo ya maneno, huanzia kwenye mzizi wa herufi tatu na mizani ya *fa'ala*, kisha hupitisha humo vitenzi vingine. Ni elimu iliyowekewa msingi Basra katika karne ya 8 na Sibawayhi, Mwajemi kwa asili. Jedwali huonyesha sura zilizokwisha kuundwa, mizani huonyesha jinsi zinavyoundwa. Kwa *go, went, gone* sioni kinachoshinda kukariri kwa sauti, na mikondo yote miwili inalijua hilo. Lakini *did* na *have* hazifundishiki kwa safu tatu, kwa sababu safu humtenga mtenda na siku yake, ikabaki orodha ya vitenzi vilivyo peke yake.

Ningependa mwalimu wa Nyakato aachiwe nafasi ya kufuta safu zile kwa kipindi kimoja, aandike *alilala, hakulala, amelala, hajalala*, na mbele ya kila neno darasa liweke Kiingereza chake. La nne litaleta ubishi wenye faida, kwani *hajalala* ina "bado" ndani yake, hali *he has not slept* huihitaji *yet* ije kuisaidia. Halafu awaombe waliseme neno la kwanza kwa lugha za nyumbani. Wengi, kabla ya kujibu, watalazimika kumuuliza: alilala lini, leo au jana?