Kurefusha au kufikisha?

Ramani nyingi za nyumba zinazojengwa Kiseke, wilayani Ilemela, sasa huchorwa kwenye kompyuta kabla fundi hajavuta kamba. Mchoraji akiona ukuta wa chumba umeishia hewani bila kugusa ule wa korido, husema: "Ngoja niurefushe." Anaeleweka, ila neno lenyewe limebeba kazi nyingi mno.

AutoCAD, programu ya kuchorea iliyotoka mwaka 1982, hutenganisha amri tatu ambazo mazungumzo ya ofisini huzitia kapu moja. Ya kwanza huongeza kipimo: sentimita 30, basi. Huko ndiko kurefusha. Ya pili huvuta upande mzima wa mchoro, milango iliyo ndani ya eneo lililochaguliwa ikihama nao. Ya tatu haiulizi kipimo, inataka mpaka. Mchoraji huonyesha ukuta wa korido, kisha hugusa ule uliopungua, nao huenda mpaka ugote.

Hapo neno kufikisha lafaa zaidi, maana kufika lazima kuwe na mahali. Hata kiwanjani ni hivyo: fundi akiambiwa "fikisha huu ukuta kwenye nguzo ya baraza", anaanza kupanga tofali. Akiambiwa "refusha", anauliza kwanza: kwa futi ngapi?