Kulambana na Kupambana

Watu wakiona paka wawili wamejilaza kibarazani, mmoja akimlamba mwenzake kisogoni na huyo mwingine amefumba macho, husema, "Tazama wanavyopendana." Siwalaumu. Lakini wakikaa kitako dakika tano zaidi, mara nyingi wataona jambo jingine. Yule mlambaji husita, akamkazia macho mwenziwe, kisha puu! kofi la uso, na wote wawili mbio hadi uani. Kiswahili chetu kimeyaweka maneno haya jirani, kulambana na kupambana, na aliyewahi kufuga paka wawili anajua kwamba ujirani huo si wa herufi tu.

Swali la kwa nini paka hulambana lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu kukataa kwamba paka ana jamaa. Mwanachuoni wa Kifaransa Buffon, katika kitabu chake kikubwa cha viumbe, aliandika habari za paka mwaka 1756 kwa uchungu kana kwamba alikuwa akidaiwa naye: mnafiki, mwizi, asiye na uaminifu. Mwaka 1902 Rudyard Kipling akatoa hekaya yake ya paka atembeaye peke yake, na vizazi vya watoto, pamoja na wa kwetu waliosomea Kiingereza shuleni, wakakua wakijua kwamba mbwa ana rafiki lakini paka ana nafsi yake tu.

Hawakuzua uwongo mtupu. Babu wa paka wetu ni paka mwitu, yule ambaye baadhi yetu humwita kimburu, na huyo kweli hukaa peke yake. Dume na jike hukutana kwa ajili ya kupandana, wakaagana. Katika maisha ya kimburu, ulimi wa mwenziwe humgusa hasa akiwa mtoto. Kitoto cha paka huzaliwa hakioni, na mama yake asipokilamba chini ya tumbo, haja ndogo haitoki wala kubwa. Kwa hiyo kulambwa kwake si anasa. Ndiyo huduma ya kwanza apatayo duniani, na asipoipata hufa.

Sasa ilikuwaje mnyama wa peke yake akafika kumlamba jirani yake mtu mzima? Hapa historia ya paka inaingia katika historia yetu sisi. Binadamu walipoanza kulima ngano na shayiri huko Mashariki ya Kati na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na nyuma ya panya akaja paka. Mwaka 2004 wachimbuzi wa Kifaransa wakiongozwa na Jean-Denis Vigne walitangaza kwamba kisiwani Cyprus wamekuta kaburi la mtu la miaka kama 9,500 iliyopita, na hatua moja tu kutoka hapo mifupa ya paka aliyezikwa mzima. Cyprus haikuwa na paka wa asili. Mtu alimpakia chomboni akavuka naye bahari. Miaka mitatu baadaye, 2007, Carlos Driscoll na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza jeni za paka 979, wa mwituni na wa majumbani, wakaonyesha kwamba paka wa nyumbani dunia nzima wanatokana na ukoo wa paka mwitu wa pande hizo za Mashariki ya Kati.

Ghala na jaa ndivyo vilivyombadili. Mwituni panya mmoja yuko hapa, mwingine maili nzima kule, na kila paka anahitaji nafasi yake. Lakini penye chakula kingi mahali pamoja, asiyevumilia wenzake atakufa njaa au atakufa kwa vidonda. Atakaye kuona jambo hilo kwa macho yake na aende Lamu, soko la samaki, wakati samaki wanapoparuliwa. Paka wa pale wanajulikana na wageni wa dunia nzima kwa miguu yao mirefu na shingo nyembamba, lakini mimi naona ajabu yao kubwa ni kwamba wamejaa hapo kwa makumi na bado wana adabu zao. Huyu hula kwanza, yule hungoja, na baada ya kula ndipo ndimi zinapoanza kazi. Tabia ya mama na mtoto imechukuliwa ikapelekwa ukubwani.

Wataalamu walichelewa kuliona hilo kwa sababu walimtafuta paka jikoni kwao, akiwa mmoja. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyetazama paka kwa miaka mingi katika karne ya 20, ndiye aliyeeleza jambo lililowashangaza wengi: usiku paka wa mtaa mmoja hutoka wakakutana mahali, wakaketi hatua chache chache, wengine wakigusana na kulambana, hapana ugomvi, kisha wakatawanyika kila mmoja kwao. Kama baraza. Baadaye, miaka ya 1970, Jane Dards alifuata paka wa bandari ya kijeshi ya Portsmouth, Uingereza, na David Macdonald akakesha na paka wa shambani huko Devon. Wote wawili walikuta kwamba kiini cha kundi ni majike wa ukoo mmoja, mama na binti, dada na dada, na huko Devon majike walinyonyeshana watoto. Sisi tulio karibu na Serengeti tungeweza kulihisi hilo mapema. George Schaller alianza kazi yake pale mwaka 1966, na kitabu chake cha mwaka 1972 kilieleza simba majike wa jamaa moja na namna wanavyosuguana vichwa na kulambana. Kwa nini paka, binamu mdogo, aonekane kichaa kwa kufanya vilevile?

Basi mambo yakaonekana kutengemaa: paka hulambana kwa kuwa ni ndugu. Ndipo mwaka 1998 Mholanzi Ruud van den Bos akaja na habari zake. Alikuwa na paka 25 waliohasiwa, wote wakiishi ndani pamoja, akaandika kila mara mmoja alipomlamba mwingine. Karibu sehemu zote zilizolambwa zilikuwa kichwa na shingo, mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki. Hilo halikumshangaza mtu. Yaliyofuata ndiyo yaliyozua maneno. Paka wenye cheo waliwalamba wa chini yao zaidi kuliko wa chini walivyowalamba wakubwa. Mlambaji aghalabu alisimama au kuketi wima, na mlambwaji alikuwa ameketi au kulala. Kama thuluthi moja ya mara hizo zilikuwa na ugomvi ndani yake, na mara nyingi mkorofi alikuwa mlambaji. Yeye aliona kwamba huenda hiyo ni ghadhabu inayotolewa kwa ulimi badala ya kucha, kwa sababu vita humgharimu hata mshindi.

Wapenda paka hawakufurahi. Walisema mapenzi yamegeuzwa kuwa siasa. Mimi nilipousoma utafiti huo nilicheka, maana niliona mkeka wa nyumbani kwetu Tanga.

Kwetu kusukana nywele kulikuwa na mpango wake. Msukaji hukaa juu ya kigoda. Msukwaji hukaa chini mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti. Dada yangu mkubwa ndiye aliyetusuka sote wadogo, tangu mama alipofariki. Alikuwa na mkono mzito. Ukitikisa kichwa, chanuo kilikushukia sikioni, na kama siku hiyo alikuwa ameudhika na jambo la watu wengine kabisa, mistari ilikazwa hadi macho yakawa ya Kichina. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsuka yeye. Yeye alikwenda kwa shangazi. Nani amsuke nani, hiyo ndiyo ilikuwa katiba ya nyumba, na haikuandikwa popote. Je, dada hakutupenda? Alitulea watano. Mafuta ya nazi na kofi vilitoka mkono mmoja, tena wakati mmoja, na sisi tukipokea vyote viwili tulisinzia magotini pake kama paka.

Mwaka juzi vidole vyake vilikakamaa kwa baridi yabisi, na shangazi alikwishakwenda zamani. Alikuja kwangu siku moja, akatazama huku na huku, akaketi mkekani chini yangu bila kusema neno. Nilishika chanuo mikono ikinitetemeka. Kichwa kilikuwa chepesi kuliko nilivyokidhania. Nilimsuka polepole, mistari mipana, nikiogopa kumvuta, na yeye akaniambia kwa ukali nikaze, kwamba ninasuka kama mtu anayeomba ruhusa.

Kwa hiyo wataalamu wanapobishana kama kulamba ni mapenzi au ni ukubwa, mimi sioni kwa nini iwe kimoja. Wenyewe wameendelea. Mwaka 2003 Curtis, Knowles na Crowell-Davis, huko Marekani, walionyesha kwamba paka hukaribiana na kulambana zaidi na ndugu zao, na pia na wale waliozoeana nao muda mrefu. Damu ina sehemu yake, na siku nyingi chini ya paa moja nazo zina yake. Tena mlambwaji si mnyonge katika shughuli hii: hata katika hesabu za van den Bos alishirikiana sana. Hugeuza shingo na kuinamisha kichwa, akampa mwenziwe mahali pa kulamba.

Chombo chenyewe cha kazi kinastahili neno. Ulimi wa paka umejaa vijimwiba vigumu vinavyoelekea nyuma, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ni vipembe vilivyojaa ndani. Mwaka 2018 Alexis Noel na David Hu walionyesha kuwa ncha zake zina mfereji mdogo, kama kijiko, unaochota mate mdomoni na kuyapeleka hadi kwenye ngozi chini ya manyoya. Chanuo na maji, vyote pamoja.

Na mate hayo pwani hatukuyaogopa. Wasomaji Waislamu wataikumbuka hadithi iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik: Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Chombo kilicholambwa na mbwa, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tofauti hiyo ndiyo iliyompa paka nafasi kando ya sinia, na ndiyo sababu wengi wetu tumekua tukiziona ndimi hizi kwa karibu sana.

Mate hubeba pia harufu, na paka waliozoeana huishia kuwa na harufu moja ya nyumba. Jirani yangu alimpeleka jike wake kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi. Aliporudi ananukia dawa, nduguye aliyemlamba kila siku alimtolea meno na kumfokea kama mgeni siku tatu nzima. Kwa hiyo ukileta paka mwingine nyumbani, au ukimrudisha wako kutoka kwa daktari, usiwasukume pamoja. Chukua kitambaa kimoja, msugue wa kwanza mashavuni, kisha wa pili, rudia hivyo kila siku, na uwalishe mbali mbali wakisikiana tu. Yatapita majuma, pengine miezi. Siku mmoja atakapomkaribia mwenziwe ameinamisha kichwa, wewe kaa mbali, usiwaite watoto waje kutazama, na kofi likifuata usiwaamue.