Simamia, simamisha, sitisha, ua: vitenzi vya kuongoza michakato ya seva

Mfasiri wa miongozo ya seva hukutana mapema na kundi la vitenzi vinavyoelekea kufanana: simamia, simamisha, sitisha, komesha, zima, ua. Katika mazungumzo ya kawaida baadhi yake hupokezana nafasi bila madhara. Katika mwongozo wa kazi haviwezi, kwa kuwa msomaji atatekeleza kile alichokisoma, na kitenzi kisichofaa kinaweza kumfanya akatize kazi ambayo data zake bado hazijahifadhiwa.

Maneno ya msingi

Mchakato (ngeli ya U-I, wingi michakato): programu iliyo katika utekelezaji. Programu moja yaweza kuwa na michakato mingi kwa wakati mmoja, na kila mmoja hupewa namba yake na mfumo endeshi. Mfano: Michakato mitatu ya seva inafanya kazi.

Skripti (ngeli ya I-ZI): faili la maandishi lenye amri zinazotekelezwa kwa mfuatano. Wapo wanaotumia hati, lakini neno hilo tayari limebeba maana nyingi za kiofisi na za kisheria.

Ishara (ngeli ya I-ZI): ujumbe mfupi ambao mfumo endeshi huufikisha kwa mchakato.

Simamia na simamisha

Vitenzi hivi vyote viwili vinatokana na simama. Kinachovitenganisha ni sauti moja tu, /sh/, lakini maana zake ziko mbali. Skripti inayosimamia seva huianzisha, huiangalia hali yake na huifunga inapohitajika. Skripti inayosimamisha seva huifunga tu. Mhariri asiyekuwa makini hapa hugeuza mwongozo wa uangalizi kuwa mwongozo wa kufunga huduma.

Simama chenyewe kina utata. Jengo lililosimama liko imara. Gari lililosimama limeacha kwenda. Sentensi “Seva imesimama” inaweza kueleweka kwa namna zote mbili. Pale inapotakiwa kutaja hali, ni salama zaidi kuandika “Seva inafanya kazi” au “Seva haifanyi kazi”.

Je, “kill” ni kuua?

Jina la amri “kill”, itumikayo katika mifumo ya jamii ya Unix, hutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuua. Ndiyo sababu tafsiri nyingi huandika “ua mchakato” kila inapotokea. Hata hivyo, kazi ya amri hiyo ni kupeleka ishara. Isipotajwa ishara yoyote, hupeleka TERM, yenye namba 15. Hilo ni ombi: mchakato unaweza kuipokea ishara hiyo, ukamaliza kuandika, ukafunga mafaili yake, kisha ukaondoka. Ishara ya KILL, yenye namba 9, haizuiliki wala haipuuzwi. Kiini cha mfumo huuondoa mchakato bila kuupa nafasi ya kujipanga. Ishara ya STOP huuzuia mchakato pale ulipofika, na CONT huuruhusu uendelee.

Kwa msingi huo tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

1. Sitisha, kwa STOP. Kinachositishwa chaweza kuendelea, kama mapigano yaliyositishwa.
2. Simamisha, kwa TERM. Mchakato unatakiwa uache kazi kwa utaratibu.
3. Ua, kwa KILL pekee.

Komesha hufaa kwa jambo linalotakiwa lisirudi tena, kama rushwa. Seva itakayoanzishwa tena asubuhi haikomeshwi. Zima kibaki kwa mashine yenyewe.

Faida ya mgawanyo huu huonekana mara moja katika kueleza amri ya “systemctl stop”. Kwa mpangilio wa asili wa systemd, huduma hupelekewa kwanza TERM. Ikipita muda wa sekunde 90 bila kufunga, hupelekewa KILL. Kwa Kiswahili: Simamisha huduma, isiposimama ndani ya sekunde 90, iue. Anayetumia “ua” mahali pote viwili hawezi kuieleza subira hiyo.

Mfano wa hifadhidata

Amri ya “pg_ctl stop” ya hifadhidata ya PostgreSQL ina namna tatu za kusimamisha seva, na ni kipimo kizuri kwa mfasiri. Fikiria duka wakati wa kufunga. Katika namna ya “smart”, mlango hufungwa kwa wateja wapya, na waliomo husubiriwa mpaka watoke wenyewe. Katika “fast”, waliomo hutolewa: miamala ambayo haijakamilika hutanguliwa, kisha seva hufungwa vizuri. Katika “immediate”, ni kama kuzima taa na kuondoka: seva hukatizwa bila kufungwa ipasavyo, na ikianzishwa tena hulazimika kwanza kujirejesha katika hali sahihi. Tafsiri moja, “funga seva”, ingezifuta tofauti ambazo msimamizi anazihitaji kabla ya kuchagua.

Umesimama au umesimamishwa?

Kauli ya kitenzi nayo ni taarifa. “Mchakato umesimama” haitaji mtendaji. Msimamizi atatafuta hitilafu. “Mchakato umesimamishwa” hudokeza kwamba kuna mtu au skripti iliyotoa amri; msimamizi atatafuta ni nani. Vivyo hivyo kwa “umekufa” na “umeuawa”. Anayefasiri ujumbe wa kumbukumbu za seva asibadilishe kauli kwa ajili ya uzuri wa sentensi.

Majina ya amri na ya ishara yasitafsiriwe, kwa sababu kompyuta haitayatambua. Kinachotafsiriwa ni maelezo na ujumbe kwa msomaji. Kabla ya kuchagua kitenzi, mfasiri ajiulize: kazi iliyo mkononi itakamilishwa, itangojea, au itapotea? Jibu ndilo litakalomwonyesha kitenzi.