Daraja la Saint-Louis
Mwendesha baiskeli wa masafa marefu atokaye Mauritania hupumzika katika mji wa kale wa Saint-Louis, Senegal, baada ya kuvuka daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1897. Daraja hilo lilipewa jina la Faidherbe, gavana wa Kifaransa. Ndiye aliyeanzisha mjini humo, mwaka 1857, kikosi cha askari wa Kiafrika. Wakoloni waliwatuma askari hao kuteka nchi za Waafrika wenzao, kisha kuipigania Ufaransa katika vita kuu mbili. Tarehe 1 Desemba 1944, huko Thiaroye karibu na Dakar, wenzao waliotoka utekani na kudai malipo yao walipigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Ushujaa haukuwapungukia, walikosa nchi yao wenyewe ya kuilinda.