Amani ya Njia: Jinsi Mahujaji Walivyochagua Safari Zao, na Somo kwa Msafiri wa Turwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Turwa, katika mji wa Tarime, hutuuliza suala ambalo kwa dhahiri ni la kidunia. Mtu ambaye hajapata kutoka nje ya nchi, kisha akajaaliwa uwezo wa kwenda Makka, ashike njia gani? Avuke mpaka wa Sirari aende Nairobi kupanda ndege, au ashuke Dar es Salaam? Aende na msafara au aende peke yake? Amfuate wakala wa bei nafuu au yule wa bei kubwa?

Wapo wanaodhani kuwa hili ni suala la nauli tu, halimhusu mwanachuoni. Lakini tukifungua vitabu vya fiqhi tunakuta kwamba kuchagua njia ni sehemu ya hukumu ya Hija yenyewe. Na tukifungua vitabu vya historia tunakuta kwamba waliotutangulia walilipima jambo hili kwa mizani moja, ambayo maulamaa wameiita amnut-tariq, yaani amani ya njia.

Njia katika hukumu za fiqhi

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat Al-Imran, aya ya 97, amewajibisha Hija kwa yule anayeiweza njia ya kuifikia Nyumba Yake. Uwezo huo, yaani istitaa, maulamaa wameufafanua kuwa ni masurufu na kipando, baada ya mtu kulipa madeni yake na kuwaachia anaowalisha mahitaji yao mpaka atakaporudi. Kisha wakaongeza sharti la amani ya njia: msafiri awe na dhana yenye nguvu kuwa nafsi yake na mali yake vitasalimika.

Hapa ndipo walipozungumzia vipando. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu, ameeleza katika Minhaj kuwa asiye na njia isipokuwa ya bahari humlazimu kuipanda ikiwa ghalibu yake ni salama. Ghalibu ikiwa ni maangamizi, basi haimlazimu, bali imekatazwa kuipanda. Tuangalie jinsi hukumu ilivyokwenda: hawakusema bahari ni halali au haramu kwa kuwa ni bahari. Walitazama hali yake katika msimu ule na kwa watu wale.

Kule Andalusia, Ibn Rushd babu (aliyefariki mwaka 520 Hijria, sawa na 1126) alitoa fatwa kuwa wajibu wa Hija umewaondokea watu wa nchi yake kwa zama zile kwa kukosekana amani ya njia. Fatwa hiyo ilijadiliwa sana baada yake. Lakini inatuonyesha kuwa mwanachuoni mkubwa hakuona haya kumwambia Muislamu mwenye mali na shauku: njia yako haijapatikana, subiri.

Wala kutawakali hakupingani na haya. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas habari za watu wa Yemen waliokuwa wakienda kuhiji bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Hao ndio walioteremshiwa amri ya kuchukua masurufu, iliyomo katika Surat Al-Baqara, aya ya 197.

Wasafiri wawili wa kale

Mwaka 1183 Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia, alivuka Bahari ya Sham kutoka bandari ya Aydhab kwenda Jeddah. Majahazi aliyoyakuta huko yalikuwa ya kushonwa kwa kamba za kumbi, bila misumari, kama ilivyokuwa mitepe ya kwetu Lamu. Lakini kilichomkera zaidi ni tamaa ya wenye vyombo. Anasimulia kuwa waliwashindilia mahujaji hata wakakaa wao kwa wao juu ya wenzao, ili gharama ya chombo irudi kwa safari moja. Baada ya kuyaona hayo aliwanasihi Waislamu wenye uwezo wasipite Aydhab, bali wazunguke kwa Sham au Iraq japokuwa ni mbali. Mwenyewe, alipomaliza Hija, aliondoka na msafara wa watu wa Iraq.

Mwaka 1326 alifika Aydhab kijana mwingine, Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tanja mwaka uliotangulia akiwa na umri wa miaka 21. Naye alikuwa katika safari yake ya mwanzo. Alikuta vita baina ya mtawala wa Wabeja na askari wa Mamluki, na vyombo vya kuvukia vimezamishwa. Alikuwa amekwisha kuvuka jangwa, na ng'ambo ya pili ni Hijazi. Hata hivyo alirudi Misri, akaenda Sham, akaungana na msafara wa Dameski, na mwaka ule ule akahiji. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, huyo huyo akafika Mombasa na Kilwa.

Na Sultani aliyemkuta Kilwa, Abul-Mawahib al-Hasan bin Sulayman, historia ya Kilwa inamtaja kuwa ujanani mwake alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akaenda kuhiji. Kwa hiyo watu wa pwani yetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Waliijua njia, na walijua kuikata kwa vituo.

Meli za moshi na khatari mpya

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza safari za barua baina ya Aden na Unguja. Msafiri wa pwani akaacha kungoja pepo za kaskazi na kusi. Wengi walidhani kuwa suala la amani ya njia limekwisha.

Halikwisha, bali lilibadili sura. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji huko Hijazi, kisha meli zikakisambaza katika nchi nyingine. Kutokana na hayo, kuanzia mwaka 1882 mahujaji waliotoka upande wa kusini, kupitia Babul-Mandab, walilazimishwa kushuka katika kisiwa cha Kamaran wakae karantini kabla ya kuruhusiwa kwenda Jeddah.

Na mwezi wa Agosti 1880 lilitokea jambo la kutisha jirani na pwani yetu. Meli iliyoitwa Jeddah, iliyokuwa na mahujaji karibu 1,000 kutoka nchi za Malaya, ilipata dhoruba ikaanza kuvuja karibu na Ras Guardafui, pembe ya Somalia. Nahodha na maofisa wake wakashuka katika mashua, wakawaacha mahujaji baharini. Walipookolewa walitoa habari kuwa meli imezama. Haikuzama. Mahujaji waliendelea kuchota maji mpaka meli nyingine ikawavuta wakafikishwa Aden salama. Chombo kilikuwa cha chuma na cha kisasa, na amana haikuwemo. Tangu hapo msafiri wa Hija amekuwa na haja ya kuuliza masuala mawili: chombo ni kizima? Na mwenye chombo ni mwaminifu?

Ziwa na mpaka wa Sirari

Tuje sasa kwa watu wa Mara. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Disemba 1901. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kwa zaidi ya robo karne, basi, mtu wa upande wa mashariki wa ziwa aliyetaka kwenda pwani kwa gari la moshi, njia yake ya karibu ilikuwa ni meli hadi Kisumu, kisha reli hadi Mombasa. Kuelekea upande wa Kenya, kwa watu wa Tarime, ni jambo la jiografia na ni la zamani. Mpaka leo Nairobi iko takriban kilomita 400 kutoka Tarime, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200.

Lakini ukaribu si amani. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwisho wa mwaka 1983. Njia iliyokuwa mlangoni pa watu wa Tarime ikazibwa kwa amri ya serikali, nao wakarudi kuutazama mji ulio mbali.

Na ziwa nalo limetufundisha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Yale aliyoyalaumu Ibn Jubayr Aydhab mwaka 1183 yalitufika sisi wenyewe, miaka mia nane na zaidi baadaye.

Ndege na mikati

Ndege ilipokuja ilileta masuala yake. Wazee wetu waliokwenda kwa meli kutoka kusini walihirimia walipokuwa sambamba na Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki mwaka 974 Hijria, sawa na 1567) aliruhusu anayetoka Yemen kwa bahari acheleweshe ihramu hadi Jeddah, kwa kuona kuwa masafa ya Jeddah na Makka ni sawa na ya Yalamlam. Maulamaa wengine wa madhehebu hayo hayo hawakukubaliana naye. Mwezi wa Oktoba 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman, iliamua kuwa mikati zinamhusu pia anayekuja kwa ndege au meli, na kwamba atahirimia akiwa juu yake au sambamba nayo.

Kwa msafiri wa mara ya kwanza hili lina maana ya vitendo. Ndege hupita mikati kwa dakika chache. Asiyevaa ihramu kabla ya kupanda, na nguo zake zikawa katika mzigo uliowekwa chini ya ndege, atapata taabu kubwa. Basi avae nyumbani au uwanjani, na nia na talbiya aiweke ndege inapokaribia mikati.

Khatari ya zama zetu

Leo chombo aghlabu ni kizima na bahari haitishi. Khatari imehamia katika karatasi. Katika Hija ya mwaka 2024, joto la Makka lilipozidi nyuzi 50, walifariki watu 1,301 kwa hesabu ya serikali ya Saudi Arabia, na asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi wa hao walitembea masafa marefu juani, bila hema wala kipando. Miongoni mwa waliokwenda bila kibali wapo walioingia kwa viza ya matembezi, baada ya kuuziwa safari kwa bei nafuu. Miezi michache kabla yake, Aprili 2024, Baraza la Maulamaa Wakuu la nchi hiyo lilikuwa limetangaza kuwa haijuzu kwenda kuhiji bila kibali.

Wakala anayemwambia mzee wa Turwa aliyeuza ng'ombe wake kwamba viza yoyote inatosha, hana tofauti na wenye majahazi wa Aydhab. Amechukua nauli, na roho amemwachia mwenyewe.

Basi tunamnasihi ndugu yetu apange masuala yake kwa utaratibu huu.

Kwanza, atazame safari yake ni ya namna gani. Ikiwa ni Hija, nafasi hugawiwa kwa nchi, kwa hiyo apite katika msafara uliosajiliwa na kutambuliwa nchini mwake, japokuwa uwanja wa Nairobi uko karibu zaidi na mlango wake. Ikiwa ni Umra, anayo nafasi ya kuchagua, na njia ya Sirari ni nzuri kwa mwenye pasipoti na vyeti vya chanjo vinavyotakiwa.

Pili, aone viza kwa macho yake na asomewe aina yake na mtu asiye wakala, kabla hajamaliza kulipa.

Tatu, asitoke peke yake. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mtu kusafiri peke yake, na anayetoka kwa mara ya kwanza ndiye mwenye haja zaidi ya mwenzake aliyekwisha kuijua njia. Mwanamke wa Hija ya faradhi, katika madhehebu ya Shafii, aende na mume, maharimu au wanawake waaminifu.

Nne, nauli ije baada ya hayo yote. Ikiwa fedha yake inatosha njia isiyo salama tu, basi ajue kuwa fedha yake bado haijatosha. Katika madhehebu ya Shafii Hija ina wasaa kwa mwenye azma ya kuitekeleza. Maulamaa wengi wengine wanaiona ni ya papo hapo kwa anayeweza, lakini hata kwao asiye na njia ya salama hahesabiwi kuwa ameweza. Hivyo asione dhambi kungoja mwaka mwingine, kama vile Ibn Battuta hakuona aibu kuipa mgongo bahari ya Aydhab.

Maimamu wa misikiti ya Mara wana jukumu hapa. Darsa za Hija huanza kwa tawafu na sai. Tunaona inafaa zianze na mlango wa istitaa, ili muumini ajue hukumu ya njia kabla hajauza ng'ombe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie wenye nia njia iliyo salama, na awarejeshe kwa watu wao wakiwa na Hija iliyokubaliwa. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.