Neno la Siri na Wepesi wa Kulitumia

Katika mwaka wa 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha lugha mjini Paris, alitoa katika jarida la mambo ya vita makala juu ya maandishi ya siri. Humo aliweka masharti sita. La pili ndilo lililopata sifa: ya kwamba mtindo wa kuficha habari ukiangukia mikononi mwa adui lisitokee dhara, maadamu ufunguo haujajulikana. La sita halikupata wasomaji wengi. Lasema kwamba mtindo huo uwe mwepesi kutumiwa, usimchoshe mtu akili wala kumtaka akumbuke mfululizo mrefu wa kanuni. Sababu yake si ngumu kuiona. Askari aliye vitani, akishindwa na mtindo mgumu, atapeleka habari zake waziwazi, na siri yote imekwisha. Basi wepesi haukuwa pambo lililotiwa juu ya usalama, bali ulikuwa sehemu ya usalama wenyewe.

Neno la siri la kompyuta lilianza baadaye sana, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mpango wa kuwawezesha watu wengi kutumia mtambo mmoja, kila mtu na majalada yake na saa zake. Neno fupi la siri lilitosha kuwatenga. Halikudumu bila kushindwa: mwaka wa 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyeona saa alizopewa hazimtoshi, aliuagiza mtambo umchapie orodha ya maneno yote, nao ukamchapia. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichunguza maneno 3,289 yaliyochaguliwa na watumiaji, wakakuta kwamba asilimia 86 yangeweza kupatikana kwa kubahatisha kwa muda mfupi. Yalikuwa mafupi mno, au yametolewa katika kamusi, au ni majina ya watu.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wameandika kanuni nane za ulinzi wa kompyuta, na ya mwisho yao ilikuwa kwamba ulinzi ukubaliane na akili ya mtumiaji, ili autumie sawasawa bila kujilazimisha. Ni ajabu kidogo kwamba Kerckhoffs naye alikuwa ameliweka neno hili mwisho wa orodha yake. Yamkini wasomaji wa pande zote mbili walichoka kabla ya kulifikia.

Tovuti zilipoenea baada ya mwaka wa 1991 mzigo ulibadilika. Mtumiaji wa MIT alikuwa na mtambo mmoja na neno moja. Mtumiaji wa tovuti ana benki, duka, gazeti na chuo, na kila mlango wamtaka neno lake, hali kichwa ni kile kile kimoja. Mwaka wa 1999 Anne Adams na Angela Sasse wa London walionyesha kwamba wafanyakazi walioandika maneno yao kwenye karatasi hawakuwa wazembe. Walikuwa wamepewa kazi isiyowezekana, wakatafuta njia ya kuitimiza. Lakini mabwana wa mitambo waliendelea kuwalaumu.

Mwaka wa 2003 Bill Burr, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango, aliandika maongozi juu ya maneno ya siri. Maofisi na tovuti duniani kote zikayafanya sheria: pawe na herufi kubwa, tarakimu na alama, tena neno libadilishwe kila baada ya muda, mara nyingi siku 90. Kwa hesabu tupu maongozi hayo yalikuwa na mantiki, maana herufi za namna nyingi huzidisha idadi ya maneno yawezekanayo. Walakini binadamu hachagui kama kete. Akiambiwa atie herufi kubwa, huiweka mwanzo. Tarakimu huiweka mwisho. Akitakiwa abadilishe, hugeuza 1 kuwa 2. Mwaka wa 2010 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipima akaunti zaidi ya 7,700 zilizokuwa chini ya sheria ya kubadili. Waliona kwamba aliyekwisha kulijua neno la zamani angeweza kulipata jipya, katika asilimia 17 ya akaunti, kwa kubahatisha mara zisizozidi tano. Sheria iliyowasumbua watu wote haikumzuia mwizi.

Hatimaye, mwaka wa 2017, taasisi ile ile ilifuta maagizo yake. Tovuti zisimlazimishe mtu kuchanganya alama, wala kubadili neno pasipo dalili ya kuibiwa. Zikubali maneno marefu yenye nafasi ndani yake. Zilinganishe neno jipya na yale yaliyokwisha kuvuja. Burr, aliyekuwa amestaafu, aliliambia gazeti moja mwaka huo kwamba alijutia mengi aliyoyaandika. Si wataalamu wengi wenye ujasiri huo.

Upande mwingine wa historia hii hausimuliwi mara nyingi. Kufunga mawasiliano ya tovuti kwa maandishi ya siri kuliwezekana tangu miaka ya 1990, lakini cheti chake kilitaka fedha na taratibu za kuchosha, na wenye tovuti ndogo wakakiacha. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 Let's Encrypt ilianza kuvitoa bure, tena kwa amri chache ambazo mtambo hujifanyia wenyewe. Hesabu ya ufichaji haikugeuka. Kilichogeuka ni usumbufu, na tovuti zilizofungwa zikaongezeka upesi.

Tangu mwaka wa 2022 makampuni makubwa yameeneza ufunguo unaokaa ndani ya simu, usiohitaji kukumbukwa, na usioweza kutolewa kwa tovuti ya uongo hata mwenyewe akidanganyika. Kerckhoffs angeupenda. Lakini umetengenezwa kwa kumfikiria mtu mwenye simu yake peke yake, isiyoazimwa; na nyumba ambamo simu moja hutumiwa na mama, watoto na mgeni, ufunguo huo bado haujajua ni nani aushikaye.